Kabla Useme Ni Kichaa, Uliza Sikio

Wasee, leo sina stori ya kuchekesha. Nina stori ya mbwa, njiwa, paka, simbilisi na mathe wangu, na zote zinaishia mahali pamoja: ndani ya sikio, kwenye matone machache ya maji ambayo hata kijiko cha chai hayajazi.

Nilikuwa na miaka 11. Ilikuwa likizo ya Agosti na tulikuwa ushago kwa guka. Alikuwa na mbwa mzee anaitwa Popi. Asubuhi moja Popi aliamka kichwa kimelala upande wa kushoto, kama mtu anayetega sikio asikie kitu chini ya ardhi. Akijaribu kutembea, anazunguka. Anagonga ukuta wa zizi, anaanguka, anainuka, anazunguka tena upande ule ule. Macho yake yalikuwa yanacheza, yanaenda pembeni na kurudi, haraka haraka. Halafu akatapika. Jirani alipita kwenye kijia, akasimama, akasema neno moja tu: kichaa.

Kufika saa sita, vijana watatu walikuwa wamekuja na rungu. Guka aliingia kwa nyumba akafunga mlango. Mimi nilikuwa jikoni. Sikuona kitu, lakini nilisikia.

Sasa, sitaki mtu anielewe vibaya. Kichaa cha mbwa si mchezo. Kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Watu wa kijiji kile hawakuwa wabaya, walikuwa na woga, na woga wao ulikuwa na sababu. Sitawahi kujua kwa hakika Popi alikuwa na nini kwa sababu hakuna aliyempima. Lakini miaka mingi baadaye nilisoma maelezo ya ugonjwa wa sikio la ndani unaowapata mbwa wazee, nikahisi baridi mgongoni. Kichwa kuinama upande. Kuzunguka. Kuanguka. Macho kucheza. Kutapika. Kuanza ghafla, usiku mmoja tu. Ilikuwa kama mtu alikuwa amesimama kwa boma ya guka na kalamu, anaandika kuhusu Popi. Na mwisho wa ukurasa waliandika kwamba wengi wao hupata nafuu ndani ya siku chache, na kwa wiki mbili tatu hivi wanatembea vizuri tena.

Nilianza kusoma hizi vitu kwa sababu ya mathe. Miaka miwili iliyopita alianza kuangushwa na kizunguzungu. Si kile cha kusimama haraka ukaona nyota. Hiki ni cha dunia nzima kugeuka kama feni, saa moja, saa mbili, unashika sakafu kwa mikono yote miwili usianguke, na tayari umelala juu yake. Sikio moja lilikuwa linavuma na kusikia kwake kulikuwa kunapungua. Kazini, msimamizi wake alimwambia apumue karibu na pua yake, ati anuse kama ni pombe. Mathe, ambaye hata soda huwa anaimaliza kwa siku mbili! Kwa ploti kukawa na mama mmoja aliyesema ni pepo, na mwingine aliyesema ni mambo ya kufikiria sana tangu kijana wake aache chuo. Kijana mwenyewe ni mimi. Hospitali ya kwanza walisema presha. Ya pili, malaria. Ilichukua miezi 8 mpaka daktari mmoja kijana akamuuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza: "Mama, na masikio yako yakoje?"

Swali rahisi hivyo. Nikajiuliza, binadamu alianza kuuliza hilo swali lini? Mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, nilikuwa nasomea ualimu wa historia. Lakini hiyo historia moja niliifuata mpaka mwisho, na jibu ni kwamba tulichelewa sana. Na waliotufundisha ni wanyama.

Tuanze kitambo. Wagiriki wa kale waliamini ndani kabisa ya sikio kuna hewa maalumu, hewa iliyofungiwa humo tangu mtu azaliwe, na hiyo ndiyo inapokea sauti. Aristotle naye alifundisha hivyo, na akishasema Aristotle, nani atabisha? Wazo hilo lilikaa karibu miaka 2,000. Ni mpaka miaka ya 1760 ambapo daktari mmoja wa Naples, Italia, Domenico Cotugno, alifungua masikio ya maiti ambazo hazijakauka na kuonyesha kwamba ndani hakuna hewa. Kuna maji. Mwaka wa 1777 Mjerumani Philipp Meckel akaja na njia tamu zaidi ya kulithibitisha. Aliacha mfupa wa sikio nje kwenye baridi kali ya usiku, kisha akaupasua. Alipata barafu tupu, bila nafasi ya hewa. Mwaka wa 1789 Mwitaliano mwingine, Antonio Scarpa, akaeleza kwamba ndani ya lile pango la mfupa kuna mfuko wa utando laini, na mfuko huo una maji yake ya ndani.

Kwa hivyo maji ni aina mbili. Ya nje ya mfuko yanaitwa perilimfu na yana chumvi ya sodiamu nyingi, yanafanana kiasi na maji mengine ya mwili. Ya ndani yanaitwa endolimfu na yamejaa potasiamu. Hiyo tofauti ni kama betri. Bila hiyo, seli za sikio haziwezi kutuma habari kwa ubongo. Na mfuko wenyewe una sehemu kubwa mbili: moja imejikunja kama konokono, hiyo ni ya kusikia, nyingine ina mifereji mitatu iliyopinda kama nusu bangili, kila mmoja umeelekea upande wake. Kufikia miaka ya 1800 madaktari walikuwa wanaijua hiyo mifereji vizuri, hata kuichora. Ila wengi walidhani kazi yake pia ni kusikia. Si iko kwa sikio?

Hapo ndipo njiwa anaingia.

Mwaka wa 1824, Paris, mwanasayansi anaitwa Pierre Flourens alianza kukata mfereji mmoja mmoja kwenye masikio ya njiwa. Alitaka kuona wakipoteza kusikia. Njiwa waliendelea kusikia. Kitu kingine ndicho kilienda mrama. Akikata ule mfereji uliolala, njiwa anatikisa kichwa kulia na kushoto bila kukoma na kuzunguka mahali pamoja. Akikata ule uliosimama, njiwa anapindukia mbele au nyuma, kama mtoto anayefunzwa kupiga sarakasi. Kila mfereji na upande wake. Mmoja wa hao njiwa aliishi miezi mingi akila, akinywa na kusikia kila kitu, lakini kichwa hakikutulia. Flourens aliendelea na majaribio, akatoa ripoti yake kamili mwaka wa 1830.

Wacha nirudie hiyo, kwa sababu ndio kiini cha stori yote. Njiwa hakuwa kiziwi. Hakuwa mgonjwa wa ubongo. Hakuwa mlevi wala hakuwa na pepo. Alikuwa amekatwa mfereji wa maji mwembamba kuliko uzi, na mwili wake wote ukaonekana kama umepatwa na wazimu.

Habari hiyo ilichapishwa Paris, kwa Kifaransa, na madaktari wa Paris waliweza kuisoma. Sasa sikiliza walivyokuwa wakifanyia wagonjwa wao. Mtu akianguka kwa kizunguzungu, anatapika, masikio yanavuma, walisema damu imejaa kichwani, ni ndugu wa kiharusi au kifafa. Dawa? Wanamtoa damu. Wanambandika ruba wamnyonye. Wanampa dawa za kuharisha. Mtu ambaye dunia inamzunguka, unamtoa damu na kumharisha! Mathe nilimsomea hiyo sehemu akasema, "Afadhali basi mimi waliniita mlevi."

Aliyeunganisha hizo stori mbili alikuwa Prosper Ménière. Tangu 1838 alikuwa daktari mkuu wa taasisi ya viziwi ya Paris, kwa hivyo siku zake zote alikuwa anashughulika na masikio. Aliona watu ambao kizunguzungu chao kilikuja pamoja na sikio kuvuma na kusikia kupungua, na baadaye kizunguzungu kikapoa lakini usikivu haukurudi. Akajiuliza, kama shida ni ubongo, mbona mguu haupoozi, mbona ulimi hauzibi, mbona kinachobaki kimeharibika ni sikio tu? Tarehe 8 Januari 1861 alisimama mbele ya chuo cha madaktari cha Paris akasema ugonjwa huu makao yake ni sikio la ndani. Na ushahidi mmoja aliotegemea ulikuwa ule ule, njiwa wa Flourens.

Kutoka 1824 mpaka 1861 ni miaka 37. Miaka 37 jibu lilikuwa liko, kwenye mji huo huo, na watu wakaendelea kutolewa damu. Ménière mwenyewe alikufa Februari 1862, mwaka mmoja tu baada ya kusema. Ugonjwa ukapewa jina lake baadaye. Ndio ugonjwa ambao yule daktari kijana alimwandikia mathe kwenye kadi.

Lakini bado kulikuwa na swali: hayo maji yanafanya kazi vipi? Mwaka wa 1870 Mjerumani Friedrich Goltz alisema mifereji ile ni kiungo cha kuweka mwili sawa. Ni hisi kamili, kama kuona na kunusa. Halafu kati ya mwisho wa 1873 na mwanzo wa 1874, watu watatu kwenye miji mitatu wakafikia wazo moja bila kuibiana. Mmoja ni Ernst Mach wa Prague, yule ambaye jina lake leo linapima mwendo wa ndege za kivita. Wa pili ni Josef Breuer, daktari wa Vienna aliyefanya majaribio yake na njiwa. Wa tatu ni Alexander Crum Brown wa Edinburgh, mtu wa kemia.

Wazo lao unaweza kulijaribu kwa keja yako sasa hivi. Chukua beseni la maji, weka njiti ya kiberiti ielee juu. Ngoja maji yatulie, halafu zungusha beseni ghafla. Beseni linageuka, njiti inabaki nyuma. Ukiendelea kuzungusha, pole pole maji yanashika mwendo na njiti inafuata. Sasa simamisha beseni ghafla. Beseni limesimama, lakini maji bado yanaenda.

Hiyo ndiyo kichwa chako. Ukigeuka, mfereji unageuka na wewe lakini maji yanachelewa, na kule ndani kuna seli zenye vinywele vidogo sana vinavyopinda kwa sababu ya huo mchelewo. Vikipinda upande huu, ubongo unaambiwa tunaenda kulia. Upande ule, kushoto. Na ndio maana ukiwa mtoto ukizunguka zunguka halafu usimame, nyumba inaendelea kuzunguka: wewe umesimama, maji yako bado yako safarini.

Mwaka wa 1892, Julius Ewald alitia muhuri hiyo hoja. Alitengeneza kifaa kidogo cha kusukuma maji ndani ya mfereji wa njiwa, mbele na nyuma. Macho na kichwa cha njiwa vilifuata upande ambao maji yanasukumwa. Na mwaka uliofuata, 1893, Alois Kreidl wa Vienna akafanya jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Uduvi hana sikio kama letu, ila ana kifuko kidogo chenye punje za mchanga, na punje zikikandamiza chini, uduvi anajua chini ni wapi. Akijivua gamba, zile punje zinatoka, inabidi aweke zingine. Kreidl akawawekea uduvi vumbi la chuma badala ya mchanga. Wakajaza chuma kwenye vifuko. Halafu akaleta sumaku, akaishika juu yao. Uduvi wakageuka tumbo juu na kuogelea hivyo, wakiwa na uhakika kabisa kwamba wako sawa.

Fikiria hiyo pole pole. Uduvi hajakosea. Amefuata anachoambiwa na mwili wake. Sisi tuliosimama nje ya tangi ndio tunaona amegeuka. Mathe akiwa amelala sakafuni anashikilia simiti, ni sumaku imepita juu yake.

Na hii ndiyo sehemu inayoniuma, vile sisi tunaotazama kutoka nje huwa tunageuza ugonjwa wa maji ya sikio kuwa tabia ya mtu, au ya mnyama.

Kwa mfano, Uchina na Japani kulikuwa na panya wadogo waliofugwa kwa burudani kwa sababu wanacheza densi. Wanazunguka wakifuata mkia, duara baada ya duara. Watu waliwanunua, wakawaita panya wachezaji. Mwaka wa 1907 Mmarekani Robert Yerkes aliandika kitabu kizima kuwahusu, na alipowapima alikuta wakubwa hawasikii sauti. Walikuwa viziwi, na walizunguka kwa sababu sikio lao la ndani lilikuwa na kasoro ya kuzaliwa. Vizazi na vizazi watu walikuwa wanapigia makofi kizunguzungu.

Ama chukua paka mweupe. Kwa ploti yetu yuko mmoja, mweupe kama unga, macho ya bluu. Watoto wanamwita Jeuri kwa sababu hata umwite aje hageuki. Charles Darwin aliandika mwaka wa 1859 kwamba paka wenye macho ya bluu ni viziwi, halafu kwenye matoleo ya baadaye akarekebisha: ni wale weupe kabisa wenye macho ya bluu, na ni kwa kawaida, si lazima. Sababu yenyewe ilikuja kujulikana baadaye sana, na inarudi pale pale kwa maji. Kwenye ukuta wa ile sehemu ya konokono kuna tishu inayosukuma potasiamu ndani ya endolimfu. Tishu hiyo inahitaji seli za rangi, zile zile zinazotia ngozi na manyoya rangi. Mnyama ambaye hizo seli hazikufika sikioni, tishu yake inakufa wiki chache baada ya kuzaliwa, betri inazima, na usikivu unaenda nayo. Mifereji ya usawa inabaki salama, ndio maana Jeuri anatembea juu ya ukuta wenye vioo bila kuteleza. Mbwa wa Dalmatian, wale weupe wa madoa, wana shida hiyo hiyo: takribani 3 kati ya 10 waliopimwa Marekani walikuwa viziwi wa sikio moja au yote mawili. Na ni mbwa wangapi kati ya hao waliitwa wajinga, wakaidi, wasiofundishika?

Turudi kwa ugonjwa wa mathe. Ménière alisema ni sikio, lakini hakujua ndani kumeharibika nini hasa. Jibu lilikuja 1938, miaka 77 baadaye, na lilikuja mara mbili mwaka huo huo: Japani kwa Yamakawa, na Uingereza kwa Hallpike na Cairns. Walichunguza masikio ya wagonjwa waliokuwa wamefariki, wakakuta ule mfuko wa endolimfu umevimba kama puto. Maji ya ndani yamezidi, utando umetanuka.

Mwaka wa 1965 huko Marekani, Kimura na Schuknecht waliziba njia ambayo endolimfu hupitia, kwenye sikio la simbilisi, wale wanyama wadogo wanene kama panya asiye na mkia. Mfuko ukavimba vile vile, na usikivu ukaanza kupungua. Lakini simbilisi hao hawakupata vile vipindi vya kuangushwa kama mathe. Maana yake kuvimba kwa mfuko ni sehemu ya stori, si stori yote, na mpaka leo wataalamu wanabishana ni nini kinachoanzisha.

Kisha ikaja enzi ya jeni. Mwaka wa 1996 watafiti walizima jeni moja kwenye panya, jeni inayosaidia kupitisha potasiamu. Endolimfu ikakosa kutengenezwa, mfuko ukaporomoka kama mtungi wa plastiki uliofyonzwa hewa, na panya wakawa viziwi wanaozunguka. Mwaka wa 2001 wengine walizima jeni tofauti. Safari hii mfuko ulivimba kupita kiasi. Panya hao pia wakawa viziwi, vichwa vimeinama upande, wanazunguka. Yaani maji yakipungua, unaanguka. Yakizidi, unaanguka. Uhai wote wa kusimama wima na kusikia jina lako likiitwa umewekwa kwenye kipimo hicho kidogo. Na jeni hizo mbili ziko ndani yetu pia. Kuna watoto wanaozaliwa viziwi kwa sababu zina kasoro.

Hii historia si tamu yote, na sitajifanya. Njiwa wa Flourens hawakuulizwa. Hakuna aliyewapa dawa ya kuzuia maumivu, kwa sababu ganzi ya upasuaji ilianza kutumika miaka ya 1840. Kuna siku nasoma hizi vitu nashindwa kuendelea, namkumbuka Popi. Sina jibu safi. Ninachojua ni kwamba deni liko. Kila mtu aliyewahi kuondolewa kwenye orodha ya walevi na kuwekwa kwenye orodha ya wagonjwa, njiwa fulani alilipia. Na njia mbaya kuliko zote za kulipa deni ni kufanya vile Paris ilifanya: kuwa na jibu halafu uendelee kutoa watu damu.

Kwa sababu sisi pia tunatoa watu damu, ni vile tu hatutumii ruba. Tunamwambia apumue tunuse. Tunamwita pepo. Tunamwita jeuri. Mbuzi akiinamisha kichwa na kuzunguka, tunamuuza haraka sokoni kabla mnunuzi ajue, kumbe inaweza kuwa maambukizi ya sikio yanayotibika mapema. Mtoto darasani akiitwa asigeuke, anachapwa kwanza, masikio yanapimwa mwisho, kama yatapimwa.

Sasa kitu cha vitendo, nisikuache na historia tupu. Ukiona mbwa ameanza kuyumba na kuinamisha kichwa, usimshike, usimkaribie, hasa kama hujui kama alichanjwa. Hilo la kichaa bado linawezekana na si wewe wa kuamua. Mfungie mahali ambapo hawezi kuuma mtu, halafu ita daktari wa ng'ombe, vile tunavyomwita ushago. Akikuuma au mate yake yakiingia kwa kidonda, osha kwa maji na sabuni dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo. Lakini rungu ikae chini kwanza. Na mtu wako akianza kuanguka kwa kizunguzungu, muulize kama sikio linavuma, kama linasikia, kama anahisi limeziba. Ukimpeleka hospitali, wewe mwenyewe taja sikio, hata kama hawajauliza. Na akiwa anashindwa kuongea vizuri, mdomo umepinda au mkono umelegea, hapo usibahatishe, inaweza kuwa kiharusi, kimbia.

Mathe bado ana vipindi, ila vimepungua. Alibadilisha kazi. Sikio la kushoto halijarudi vile lilikuwa, kwa hivyo ukitaka kumwomba pesa unakaa kulia kwake. Daktari alimwambia apunguze chumvi, na sasa kwetu sukuma inapikwa kama ya mgonjwa, na hakuna mtu anaruhusiwa kulalamika.

Mwezi jana tulienda ushago. Guka sasa ni mzee sana, naye ameanza kuinamisha kichwa mtu akiongea. Nilimweleza hii stori yote, ya njiwa na maji, polepole, karibu na sikio lake zuri. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Popi angepona?"

Nilimwambia sijui, guka. Nikamwambia huenda.

Alitingisha kichwa, akaangalia upande wa zizi. Tangu siku ile hajawahi kufuga mbwa mwingine.